Rufaa ya Kibali cha Bango la Matangazo (Shinyanga na Geita)

Ni shauri la mtu aliyenyimwa idhini ya kusimamisha bango la biashara, akitaka uamuzi ule utazamwe upya na mamlaka ya juu au na mahakama. Katika nchi ya almasi na dhahabu, tangu Mwadui na Shinyanga mjini, kupitia Kahama, hata kufikia Geita na Katoro, shauri hili limewagusa watu wengi kwa jinsi miji ilivyokua pamoja na migodi. Kwani mwenye duka la vipuri, mwenye nyumba ya wageni na mnunuzi wa dhahabu, kila mmoja hutaka jina lake lisomwe na msafiri kabla basi halijapita.

Sheria ya Mipango Miji ya Tanzania, Na. 8 ya 2007, iliyochukua mahali pa sheria ya zama za ukoloni, yakataza kuendeleza ardhi katika eneo la mpango bila ya kibali cha mamlaka ya upangaji, ambayo mijini ni halmashauri. Tena mabango hulipiwa ada.

Lakini kikwazo kizito aghalabu ni hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, chini ya wakala wa barabara, TANROADS. Barabara za mijini na vijijini zimo mikononi mwa wakala wake, TARURA, tangu 2017. Nguzo ikisimama ndani ya mita hizo, kibali cha halmashauri peke yake hakiikingi, na mwenyewe aweza kuamka akaikuta imepigwa X nyekundu ya kubomolewa, ilhali stakabadhi ya ada aliyolipa angali nayo mfukoni. Kwa hiyo, kabla ya kubishana na afisa mipango miji, yafaa kwanza kupima kwa futi.

Kwa kulinganisha na nchi nyingine, Uingereza mwenye kukataliwa bango hupewa wiki 8 za kukata rufaa, na mamlaka haina ruhusa ya kutazama ila mambo mawili, yaani mandhari ya mahali na usalama wa umma. Kenya, kwa sheria ya 2019, mwombaji aliyekataliwa kibali cha uendelezaji ana siku 14 za kwenda mbele ya kamati ya kaunti, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mipaka ya namna hiyo ni insafu kubwa, kwa sababu humfahamisha mfanyabiashara mdogo ajibu hoja ipi na kwa muda gani.

Kwetu, njia za rufaa zilizowekwa na sheria zikiisha, hubaki Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Shinyanga. Maombi ya ruhusa ya mapitio hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Naye jaji haulizi kama bango lapendeza, bali kama mkataaji alikuwa na mamlaka, alimsikiliza mwombaji, na alitoa sababu. Anayedai fidia, yeye hutoa kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika kesi.

Shauri lote husimama juu ya barua ya kukataliwa. Neno la mdomo lililosemwa dirishani halina tarehe wala sababu ya kupingwa. Basi mwenye kukataliwa na aiombe barua hiyo siku ileile, yenye sababu, tarehe na muhuri.