Maji Yetu ya Mlimani

Zamani hapa Kilimanjaro maji yalikuwa ya mfongo, mfereji uliochimbwa na ukoo toka mtoni hadi vihambani. Wanaume ndio waliyagawa kwa zamu. Sisi akina mama tulibaki na ndoo kichwani. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20, kila mwananchi apate maji ndani ya mita 400. Mabomba yakaja, tena bure, lakini yakiharibika nani anunue koki? Sera ya mwaka 2002 ikataka wenyeji wachangie, na akina mama wawemo kwenye kamati. Hapo ndipo penyewe! Anayejua bomba limekauka tangu lini ni yule anayelifuata alfajiri. Tangu 2019 vyombo vya maji vijijini vinasimamiwa na RUWASA, lakini hela ya ndoo bado tunaibishania: mjane asiye na shilingi anyimwe? Sisi tumeshasema, mfuko wa jamii utamlipia.