Kutoka Kakamega hadi kongamano la sayansi Mombasa

KONGAMANO la wanasayansi wa bahari la WIOMSA, chama chenye makao makuu Zanzibar, huzunguka katika nchi za magharibi mwa Bahari Hindi. Mombasa ililiandaa mwaka wa 2011 na tena 2025.

Kwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, safari ya namna hii huanza na ikisiri wala si nauli. Mto Isiukhu humwaga maji yake Nzoia, nao Nzoia huishia Ziwa Victoria, si baharini Mombasa. Hivyo ikisiri itokayo huko haina budi kuonyesha wazi inavyoihusu bahari. Bila barua ya kuikubali, ombi la ufadhili halisikilizwi, na fedha za vyuo, ajuavyo kila mhadhiri, hazina haraka.

Mwenye uwezo hupanda ndege Kisumu, umbali wa kilomita 50 hivi, na kubadilisha Nairobi. Wengine huabiri basi la usiku, kisha treni ya SGR iliyozinduliwa 2017. Hapo ndipo penye hatari: mabasi hushusha abiria katikati mwa jiji, ilhali treni huondokea Syokimau, na msongamano wa asubuhi haumjui profesa. Anayewasilisha mada Jumatatu na awe Mombasa kufikia Jumapili mchana.

Treni huishia Miritini, bara. Hoteli nyingi za mikutano ziko Nyali, Bamburi na Shanzu, kaskazini mwa kisiwa, kwa hivyo nauli ya teksi itengwe mapema. Tiketi hukatwa kabla ya siku ya safari, na kitambulisho au pasipoti huhitajika.