Nyumba Kabla ya Mnunuzi: Historia ya Uuzaji wa Nyumba Pwani

Katika miji ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki, nyumba ilikuwa mali ya mwisho kufikiriwa kuuzwa. Lamu ni mfano mzuri. Nyumba zake zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti hizo, yaani kama mita 3 au pungufu. Mzazi mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Vizazi vilivyofuata vikajenga papo hapo, nyumba za ukoo mmoja zikasongamana katika mtaa mmoja, na nyingine zikaunganishwa kwa wikio, chumba kinachopita juu ya uchochoro ili watu wa ndani watembeleane bila kushuka njiani. Mtu mmoja asingeweza kuitoa nyumba ya namna hiyo kwa mgeni bila ukoo mzima kuguswa. Kwa sababu hiyo, aliyebanwa na shida alianza kwa jamaa zake: nani kati yao anaweza kuinunua, na kama hayupo, nani atakubali iende nje.

Desturi hii ilishikana na sheria. Kwa mujibu wa mirathi ya Kiislamu, nyumba ya marehemu huwa ya warithi wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja na fungu lake: mjane hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na binti hupata nusu ya fungu la mwana. Muuzaji mmoja angeweza kuuza fungu lake tu. Ili nyumba nzima iuzwe, kila mwenye fungu alipaswa kuridhia, akiwamo aliyeolewa Pate au aliyesafiri Maskati. Juu ya hapo ilikuwapo shufaa, haki ambayo madhehebu ya Shafii humpa mshirika katika mali: fungu la mwenzake likiuzwa kwa mtu wa nje, yeye anaweza kulichukua kwa bei ileile. Na kama nyumba iliwekwa wakfu, basi haikuuzwa kabisa, hata wanaonufaika nayo wakikubaliana.

Aliyevuka vizuizi hivyo alikwenda kwa kadhi kuandikiwa hati. Hati hizo, zilizoandikwa kwa Kiarabu, hazikuwa na ramani wala vipimo vya mpima ardhi. Nyumba ilitambulishwa kwa majirani zake wa pande nne: kibla (kaskazini) imepakana na nyumba ya fulani, suheli (kusini) ni njia, matlai (mashariki) ni kiwanja cha mwingine, maghribi ni ukuta wa msikiti. Kwa hiyo majirani walikuwa sehemu ya nyumba inayouzwa. Wao ndio waliojua ukuta ni wa nani, boriti za upande gani zimekaa juu ya ukuta wa shirika, na maji ya mvua yana ruhusa ya kumwagikia wapi. Muuzaji ambaye hakukubaliana nao mapema alimuuzia mnunuzi kesi.

Unguja ya karne ya 19 iliongeza fundo jingine. Mkopo wa riba ulikatazwa, lakini wafanyabiashara walihitaji mitaji ya karafuu na pembe za ndovu. Njia iliyotumika sana ilikuwa bei khiyari: mwenye nyumba aliiuza kwa mkopeshaji, huku akibaki na haki ya kurudisha bei ndani ya muda uliokubaliwa na kuirejesha nyumba mikononi mwake. Mara nyingi aliendelea kuishi humohumo, sasa akilipa kodi kama mpangaji. Kwa macho ya mpita njia hakuna kilichobadilika. Mlango ulikuwa uleule, baraza ileile, mwenyeji yuleyule. Mnunuzi mwangalifu aliuliza kwanza kama nyumba imefungwa na khiyari, na kazi kubwa ya muuzaji ilikuwa kuikomboa kabla ya kuiuza moja kwa moja.

Kazi ya mikono ilifuata baada ya hayo yote, nayo haikuwa na mambo mengi. Kuta zilipakwa chokaa upya, kama ilivyofanywa kabla ya harusi au Sikukuu. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo, kisha kuzimuliwa kwa maji na kuachwa ilainike. Paa lilikaguliwa, boriti zilizoliwa na mchwa zikabadilishwa, mlango wa nakshi ukapakwa mafuta. Mlango huo ulikuwa na thamani yake peke yake, na baadaye, wageni walipoanza kuitafuta milango ya Lamu na Unguja, kukawa na nyumba zilizoporomoka huku milango yake ikiwa imekwisha kwenda. Huo ni msiba kwa miji hiyo, kwa kuwa nyumba isiyo na mlango wake imepoteza sehemu kubwa ya historia iliyoibeba.

Nje ya miji ya mawe kulikuwa na aina nyingine ya mali, ambayo ndiyo iliyowagusa watu wengi zaidi: nyumba bila ardhi. Katika mitaa ya Ng'ambo, Unguja, na Majengo, Mombasa, mtu alijenga nyumba ya miti na udongo juu ya kiwanja cha mwingine. Nyumba ilikuwa yake, ardhi haikuwa yake, na kila mwezi au kila mwaka alilipia mahali nyumba iliposimama. Kenya, Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya pwani wayapeleke yaandikishwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wengi walijikuta wakiishi juu ya ardhi iliyoandikishwa kwa jina la mwingine. Ng'ambo, uchungu wa kodi ya kiwanja ulifikia kilele mwaka 1928, wapangaji walipogoma kulipa.

Kuuza nyumba ya aina hii kulihitaji maandalizi ya pekee. Kilichouzwa ni vitu: nguzo, fito, udongo uliokandikwa, milango, madirisha, na makuti au mabati ya paa. Mwenye ardhi kwa kawaida hakuruhusu ujenzi wa mawe, akihofia mpangaji kujichimbia pale moja kwa moja. Muuzaji aliziba nyufa, akasiriba kuta, akabadilisha makuti yaliyochakaa, kisha akamaliza madeni ya kodi ya kiwanja na kumpeleka mnunuzi kwa mwenye ardhi amkubali. Asipokubaliwa, mnunuzi alikuwa amenunua mbao na mabati. Unguja hali ilibadilika tarehe 8 Machi 1964, serikali ya Mapinduzi ilipotangaza kuwa ardhi yote ni ya serikali. Mombasa mfumo huo umedumu, na bado kuna familia zenye nyumba za vizazi vitatu juu ya ardhi ambayo haziimiliki.

Dar es Salaam ilifuata njia yake. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa mwishoni mwa utawala wa Wajerumani, na eneo likapata jina kutokana na Kikosi cha Wabeba Mizigo (Carrier Corps) cha Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza. Hapo ndipo nyumba ya Kiswahili ilipostawi: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko na choo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, mtu akapewa haki ya kuitumia tu. Baada ya uhuru msimamo huo uliendelea, na mwaka 1963 hata umiliki wa kudumu uliobaki ulifutwa. Kisheria ardhi tupu haikuwa na bei. Kilichoweza kuuzwa ni maendelezo, yaani kile mtu alichokiongeza juu yake. Watu walielewa haraka: mwenye kiwanja kitupu aliweka msingi, akajenga kibanda au akapanda minazi, kisha bei ya ardhi ikaandikwa kwenye mkataba kama bei ya vitu hivyo.

Mwaka 1971 unastahili kukumbukwa kwa sheria mbili. Moja ilitaifisha majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakalia yote, yakakabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, na majengo yaliyozidi umri wa miaka 10 hayakulipiwa fidia. Soko la nyumba kubwa likalala kwa miaka mingi. Ya pili, Sheria ya Ndoa, ilikataza mume au mke kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ilizungumzwa kidogo kuliko ya kwanza, lakini ndiyo iliyogusa nyumba ya mtu wa kawaida. Kabla yake, mwanamke aliweza kurudi kutoka sokoni akamkuta mnunuzi barazani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliupa ulinzi huo nguvu zaidi, na pia ikakubali kwamba ardhi ina thamani.

Biashara ilipofunguliwa tangu katikati ya miaka ya 1980, nyumba za Kariakoo zikawa na soko ambalo halikujali hali ya kuta. Mnunuzi alitaka kiwanja ili asimamishe ghorofa, na nyumba aliibomoa. Kupaka rangi hakukuongeza senti. Kilichoongeza au kuporomosha bei ni kama warithi wote wamekubaliana. Unguja ilikuwa kinyume: serikali ilipoanza kuuza baadhi ya nyumba za Mji Mkongwe katika miaka hiyo, sura ya nyumba ilikuwa na maana, na hapo likafanyika kosa linaloendelea hadi leo. Kuta za matumbawe na chokaa hupumua. Zikipigwa lipu ya saruji ili zionekane mpya, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na baada ya misimu michache ya mvua lipu hubanduka pamoja na vipande vya ukuta.

Bei zilipopanda, matapeli walifuata: ndugu mmoja, au mpangaji, au dalali asiyejulikana, alimwonyesha mnunuzi nyumba huku mwenye nyumba akiwa safarini. Familia zilijibu kwa rangi. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam ukuta wa mbele umeandikwa kwa herufi kubwa, mara nyingi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongeza OGOPA MATAPELI. Anayeandika kwa kawaida ni mwanafamilia anayejua kuwa mwenzake tayari yuko na dalali. Nyumba hiyo ikija kuuzwa kweli, kufuta maandishi hayo ni kazi ya mwisho, baada ya ugomvi wenyewe kumalizwa.

Utaratibu wa leo nchini Tanzania ni wa kisheria zaidi, lakini mpangilio wake ni uleule wa zamani. Kwa nyumba ya urithi, mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Mwenzi wa ndoa hutia saini ridhaa. Mnunuzi hufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, mthamini hutoa tathmini, kodi ya ongezeko la mtaji hulipwa, na umiliki huhama pale jina jipya linapoandikishwa. Mahali pasipo na hati, mauziano hushuhudiwa na uongozi wa serikali ya mtaa, na majirani bado huitwa kuonyesha mipaka. Familia yenye nyumba ya urithi, hata isiyo na nia ya kuuza, ifungue mirathi mapema, wakati wazee wanaoyajua majina ya warithi na mahali mipaka ilipo wangali hai.