Picha Ilivyochelewa Mpanda

Sisi wa Mpanda hatukuchelewa kila kitu. Mwaka 1950 tawi la reli kutoka Kaliua lilikuwa limeshafika kwetu, kwa sababu Waingereza walitaka madini ya risasi. Palipokuwa na cha kuchukua, njia ilipatikana. Televisheni ilikuja kuleta, si kuchukua, na ndiyo maana ilikawia.

Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwaka 1973. Bara tulisubiri zaidi ya miaka 20. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa ya wachache katika nchi iliyokosa maji na zahanati. Sheria ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 ITV ya Reginald Mengi ikaonekana Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000.

Kuonekana Dar es Salaam ni jambo moja, kufika Katavi ni jingine. Redio ya masafa mafupi hupiga angani ikarudi chini mbali sana. Ndiyo maana wazee wetu walimsikia mtangazaji wa Dar wakiwa shambani. Mawimbi ya televisheni hayana uwezo huo. Huenda yamenyooka, na mlima ukisimama mbele yanakatika. Kila mji unahitaji mnara, na mnara unahitaji umeme. Mpanda, kwa miaka mingi, iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Mfanyabiashara akihesabu mafuta na matangazo ya biashara atakayopata, anaishia njiani.

Kwa hiyo tuliokolewa na dishi. Mwenye dishi alikuwa na wageni kila jioni, na mwenye kibanda alitoza kiingilio siku ya mpira. Tulizijua timu za Ulaya kabla hatujaliona soko letu wenyewe kwenye kioo.

Mwaka 2012 yalitokea mambo mawili. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa, na tarehe 31 Desemba mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam. Mfumo wa dijitali ulitenganisha kazi: kituo kitengeneze vipindi, kampuni nyingine ibebe mawimbi. Lakini miji saba ya awamu ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, Dodoma, Tanga, Mwanza, Moshi, Arusha na Mbeya. Sisi hatukuwamo.

Baadaye simu ikafanya kilichoshinda minara. Kijana mwenye kamera ndogo sasa anaweza kuwa na televisheni ya mtandaoni. Nayo ikawekewa bei: kanuni za mwaka 2018 zilidai shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni, na milioni 1 kila mwaka. Kwa kijana wa Mpanda hizo ni pesa za kiwanja.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 Katavi. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Tumeongezeka maradufu, lakini kwenye taarifa za kitaifa bado naiona Katavi pale kiongozi anapozuru, au viboko wanapobanana kwenye tope la mto Katuma. Matangazo kutufikia ni hatua nzuri. Ila mkoa wa watu milioni moja una haki ya kupeleka picha zake pia, siyo kupokea tu. Bei ya mahindi, kisima kilichokauka, mwalimu anayefundisha madarasa mawili: habari hizo hazihitaji mnara mrefu. Zinahitaji mtu wa hapa, na leseni anayoimudu.