Nani Anatunza Kumbukumbu za Uwanja? Mashabiki, Magazeti na Michezo ya Vyuo Eastlands

Tarehe 7 Novemba 2012, katika uwanja wa Celtic Park, kiungo Mkenya Victor Wanyama aliruka juu ya mabeki wa Barcelona na kufunga kwa kichwa. Celtic walishinda 2-1. Bao hilo bado linatazamwa na yeyote mwenye simu na bando. Lakini mpira wake wa siku za Kamukunji, shule iliyo jirani na mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, na ambako kakake McDonald Mariga alisoma pia, unaishi zaidi katika masimulizi ya waliokuwa kando ya uwanja. Watu hao wanazeeka, na kila mmoja anasimulia kwa namna yake.

Mjadala kuhusu kurasa za mashabiki mitandaoni na vyombo vikuu vya habari umezoea kuuliza nani anastahili kuitwa mwanahabari. Swali zito zaidi ni nani anatunza kumbukumbu. Kwa michezo ya vyuo na ya mitaa ya Nairobi, jibu la sasa linatia wasiwasi: mashabiki wanarekodi lakini hawahifadhi, na magazeti yanahifadhi lakini mara nyingi hayapo uwanjani.

Huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, chuo na mtaa hukutana kwenye nyasi zile zile. Ligi ya soka ya Super 8 ni ya kampuni ya Extreme Sports, iliyoasisiwa na Hussein Mohammed, ambaye Desemba 2024 alichaguliwa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya. Ligi hiyo imewahi kukutanisha timu za mitaa, kama vile Shauri Moyo Sportif na Jericho All Stars, na kikosi cha Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya (TUK). Kila mwisho wa mwaka, mashindano ya soka ya Koth Biro katika uwanja wa Umeme, Ziwani, huvuta hata wachezaji wa ligi kuu, na umati husimama hadi kwenye mstari wa pembeni.

Anayerusha mechi za aina hii mara nyingi ni shabiki mmoja tu. Husimama karibu na kibendera cha kona, simu mkononi na pawabenki mfukoni, akitangaza kwa Sheng huku akisoma maoni ya watazamaji. Aliyehamia Doha au Dallas anauliza matokeo. Mwingine anataka kujua nani katoa pasi ya bao. Wa tatu anamsahihisha mtangazaji: huyo namba saba si yule wa mwaka jana, ni mdogo wake. Kwa dakika 90 hukusanyika maarifa ambayo dawati la michezo la gazeti halina watu wa kuyatafuta: kijana alisoma wapi, anatoka mtaa gani, alihamia timu hii lini.

Wahariri hawawezi kubebeshwa lawama zote. Taifa Leo limekuwa likichapisha habari za Super 8 na za soka ya mashinani kwa jumla. Televisheni, hata hivyo, hufuata wadhamini. Kituo cha SuperSport kilipojiondoa mwaka 2017, hata Ligi Kuu ya Kenya ilitangatanga hadi Azam TV ilipotia saini mkataba wa miaka saba mwaka 2023. Ikiwa ligi ya Gor Mahia na AFC Leopards ilipata shida hiyo, raga ya Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi dhidi ya Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ingepata wapi nafasi ya kudumu hewani? Afrika Kusini ilionyesha kwamba inawezekana: mwaka 2008 ilianzisha Varsity Cup, mashindano ya raga ya vyuo vikuu, SuperSport ikayarusha Jumatatu jioni, na kizazi kizima cha wachezaji kikajulikana kwa majina kikiwa bado darasani.

Kwa kukosa mpango kama huo, Kenya imeiachia mitandao kazi ya ghala, na ghala hilo halina dhamana. Februari 2025 Facebook ilitangaza kwamba video za mubashara zingehifadhiwa siku 30 tu, na kwamba za zamani zingefutwa baada ya wenyewe kupewa siku 90 za kuzipakua. Kwa ukurasa uliorusha misimu kadhaa kwa simu ya mtu mmoja, kupakua na kutunza mamia ya saa za video ni gharama isiyobebeka. Anayeumia ni mchezaji. Akiomba ufadhili wa masomo au majaribio katika klabu, huulizwa video.

Wapo watakaosema kwamba shabiki ana upande, na ni kweli. Gazeti likikosea, aliyeumizwa anaweza kulishtaki kwa Tume ya Malalamishi ya Baraza la Vyombo vya Habari. Ukurasa usio na jina la mwenyewe hauna pa kushtakiwa kwa urahisi. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na wachezaji wengi wa shule bado ni watoto. Kasoro hizi zinadai utaratibu. Hazitoshi kuwa sababu ya kuacha kazi yote ipotee.

Utaratibu huo unaweza kuanzia Kaloleni, mwendo wa miguu kutoka Shauri Moyo. Hapo pana tawi la Maktaba ya McMillan, moja ya majengo yaliyofufuliwa na shirika la Book Bunk, na McMillan yenyewe ina hazina kubwa ya magazeti ya zamani. Maktaba inayotunza gazeti inaweza kutunza pia nakala ya mechi. Chuo kitoe orodha sahihi ya wachezaji na ridhaa zao, ukurasa wa mashabiki ulete video, na gazeti linalotumia video hizo limtaje aliyezirekodi na kumlipa. Kazi ya kwanza iwe kukusanya video ambazo wenye kurasa waliwahi kuzipakua, kisha kuwaalika wachezaji wa zamani wa Shauri Moyo, Kaloleni na Ziwani kuzitazama pamoja na wakutubi, jina la kila mchezaji likiandikwa kando ya dakika anayoonekana.