Wafilisti, Nguo Ntuni na siri zilizohifadhiwa ardhini

WAFILISTI wanajulikana kwa wengi kama maadui wa kudumu wa Waisraeli. Samsoni alipigana nao, Daudi akamwangusha Goliathi wa Gathi, na Sanduku la Agano likatekwa na kupelekwa Ashdodi. Kwa karne nyingi, habari zao zilitoka hasa kwa wale waliopigana nao.

Wameru nao wana adui wao wa kale. Kanisa la Methodisti lilipofika Meru mnamo 1912 na Kaaga kuwa kituo chake, waumini waliosikia kisa cha Musa hawakukosa cha kukilinganisha nacho. Wazee husimulia kwamba mababu waliishi Mbwaa, kando ya maji makuu, wakitumikishwa na watu waitwao Nguo Ntuni, yaani wenye mavazi mekundu.

Kwa mujibu wa simulizi hiyo, watawala hao waliwapa mababu mitihani isiyowezekana: watengeneze ndara yenye manyoya pande zote mbili, walete ndama mwenye kinyesi cheupe, na hatimaye wafue mkuki wa kufika mawinguni. Mtihani huo wa mwisho ulipowashinda, walitoroka usiku wakiongozwa na Koomenjwe. Alipiga maji kwa fimbo, nayo yakagawanyika. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, wa alfajiri wekundu, na wa mchana weupe. Koo za Wameru hupangwa hivyo hadi leo.

Je, akiolojia inaweza kuthibitisha masimulizi ya namna hii? Mfano wa Wafilisti unaonyesha kile inachoweza na kile isichoweza kufanya.

Miji yao mitano, yaani Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi, ilikuwapo kweli. Vyombo vya udongo vya karne ya 12 KK vilivyochimbuliwa humo vinafanana na vile vya eneo la Bahari ya Aegea. Mnamo 2019, watafiti walichapisha matokeo ya DNA kutoka mifupa ya Ashkeloni. Watoto wachanga waliozikwa chini ya sakafu za nyumba mwanzoni mwa Enzi ya Chuma walikuwa na asili ya kusini mwa Ulaya kwa kiasi fulani. Katika muda wa karne mbili hivi, asili hiyo ilikuwa imefifia kwa kuoana na wenyeji.

Ekroni nako, maandishi yaliyopatikana mnamo 1996 yanamtaja mfalme aliyemjengea mungu wa kike hekalu. Yameandikwa kwa lugha iliyo jirani ya Kiebrania. Mji huohuo ulikuwa na mitambo zaidi ya 100 ya kukamulia mafuta ya zeituni. Hao basi hawakuwa washenzi, bali majirani wenye miji, viwanda na biashara. Hata hivyo, hakuna kilichochimbuliwa kinachothibitisha pigano la Daudi na Goliathi. Ardhi huhifadhi miji na vyungu. Mara chache huhifadhi tukio la siku moja.

Tukirudi Mbwaa, mtafiti Jeffrey Fadiman, aliyehoji wazee wa Meru na kuchapisha kitabu chake mnamo 1993, alihusisha mahali hapo na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Kwa kuhesabu marika, alikadiria kwamba safari ilianza katika karne ya 18. Kati ya Manda na bara upo mlango mwembamba wa Mkanda, ambao maji yake hupungua sana bahari inapokupwa. Anayeufahamu mlango huo hashangai kusikia habari za maji yaliyopisha watu.

Manda imechimbuliwa kwa kina. Neville Chittick alionyesha kuwa mji wa Manda ulistawi tangu karne ya 9 kwa biashara na Ghuba ya Uajemi. Mji wa Takwa, kisiwani humo, ulihamwa mwishoni mwa karne ya 17. Wakati huo unakaribiana na makadirio ya Fadiman, lakini ukaribu wa tarehe si ushahidi. Magofu hayo hayataji Wameru wala Nguo Ntuni.

Aidha, DNA ya waliozikwa Manda na miji mingine ya pwani, iliyochapishwa mnamo 2023, ilionyesha kuwa wengi walitokana na akina mama Waafrika na akina baba kutoka Asia, hasa Uajemi. Iwapo Nguo Ntuni walikuwa watu wa pwani, kama wengine wanavyoamini, basi huenda nao walikuwa na damu moja na waliowakimbia.

Wapo pia wanaodai kwamba Wameru ni kabila lililopotea la Israeli. Lugha yao haiungi mkono dai hilo. Kimeru ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kitharaka, Kiembu, Kikuyu na Kikamba. Vilevile, uchimbuaji wa Gatung'ang'a, karibu na Karatina, ulionyesha kuwa wafua chuma waliishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya karne kadhaa kabla ya wakati unaotajwa wa safari. Inaelekea kwamba Wameru wa leo ni uzao wa wageni na wenyeji pamoja.

Ikumbukwe pia kuwa masimulizi mengi ya Mbwaa yaliandikwa baada ya Biblia kuenea Meru, hivyo si rahisi kutenga kilichorithiwa na kilichoongezwa. Lakini simulizi haipotezi thamani kwa kukosa gofu la kuishuhudia. Hueleza jinsi jamii inavyokumbuka dhuluma na ukombozi, na kwa nini koo zake zinahesabiana kama ndugu. Kazi ya akiolojia ni nyingine: kumrudishia adui sura yake ya kibinadamu. Ashkeloni na Manda, sura hiyo imekuwa ya jirani, mfanyabiashara na, mara nyingi, mkwe.