Mwenye Malighafi na Mwenye Maarifa: Historia Fupi ya Superkondakta

Wanafunzi wa fizikia wa Kibaha, na wenzao wa Minaki wilayani Kisarawe, wana haki ya kuuliza: superkondakta inamhusu nini mwananchi wa Mkoa wa Pwani? Tunajibu kwa historia, kwa sababu sayansi haishuki kutoka mbinguni. Huzaliwa katika kazi ya watu wenye vyombo na malighafi.

Superkondakta ni kitu ambacho kikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Mwaka 1908, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligeuza gesi ya heliamu kuwa kimiminika, katika baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Mwaka 1911 maabara yake ikaona zebaki ikipoteza ukinzani wake. Heliamu yenyewe ilitolewa katika mchanga wa monazaiti kutoka ng'ambo. Lakini ugunduzi haukwenda kwa mwenye mchanga. Ulikwenda kwa mwenye mitambo, nadharia na mafundi. Onnes alikuwa ameanzisha shule ya mafundi wa vyombo tangu mwaka 1901. Hadi mwaka 1923, Toronto ilipofaulu, Leiden ilikuwa peke yake duniani.

Sisi tulikuwa wapi wakati huo? Kuanzia mwaka 1902 utawala wa Kijerumani uliwalazimisha wakulima wa Uzaramo, ambamo Kisarawe imo, kulima pamba ya kupelekwa Ulaya. Jasho lilibaki hapa. Kiwanda na elimu vilibaki kwao.

Mgongano huo haujaisha. Mwaka 2008 Liang Fu na Charles Kane walionyesha kinadharia kwamba superkondakta ikiunganishwa na kihami cha kitopolojia, yaani kitu kinachozuia umeme ndani lakini kuupitisha usoni, huweza kuzaa hali za ajabu za kwantamu. Hali hizo huitwa za Majorana, kwa jina la Mwitalia Ettore Majorana, ambaye mwaka 1937 alifikiria chembe iliyo kinyume cha yenyewe. Zinatafutwa kwa sababu zinatarajiwa kusaidia kujenga kompyuta za kwantamu zisizoyumba.

Mwaka 2017 watafiti walitangaza katika jarida la Science kuwa wameona dalili zake ndani ya kifaa cha namna hiyo. Wenzao wakapima upya, wasipate matokeo yale. Mwaka 2022 makala ikaondolewa. Ndugu msomaji, tazama nani aliyeweza kubisha: ni mwenye maabara. Asiye nayo hupokea habari ya kwanza na ya pili vilevile, kwa kuambiwa.

Majaribio hayo hutegemea ubaridi wa heliamu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwapo kwa heliamu nyingi katika Bonde la Rukwa. Basi safari hii mchanga ni wetu. Tukiridhika na mrabaha tu, tutakuwa tumeirudia pamba ya Uzaramo kwa jina jipya.

Kituo cha Elimu Kibaha kilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, kikakabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970. Hilo linathibitisha kuwa chombo cha maarifa kinaweza kuhamia mikononi mwa wananchi, kikidaiwa na kutunzwa. Kwa hiyo kada anapojadili gesi ya Rukwa asiishie kuuliza bei. Aulize pia ni vijana wangapi watafundishwa kuipoza, na katika maabara ipi ya nchini.